Kurasa za Ugomvi

Kila siku akitoka shule, Karani alianza na vyombo. Alivua sare akaitundika msumarini, akaosha vikombe na sufuria ya asubuhi, akafagia vipande vya nyuzi vilivyozagaa chini ya cherehani ya mama yake, ndipo akakaa kwenye kigoda na daftari lake. Hakuzaliwa na jina hilo la Karani. Alipewa na wapangaji wenzao kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuchoka kuwajazia watu fomu: fomu ya maji, fomu ya hospitali, fomu ya mtoto kuanza shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na tayari watu wazima walimvutia kiti.

Chumba chao kilikuwa cha mbele, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani, mlango haukufungwa kutwa. Aliyeleta sketi ipunguzwe kiuno alibaki amekaa hata baada ya kiuno kupungua. Aliyepita kuomba kiberiti aliacha habari mbili akaondoka na tatu. Mkubwa wa wote hao alikuwa Shangazi, dada wa baba yake Karani, aliyekaa nyumba ya pili. Shangazi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi vilevile. Angekupa gauni lake zuri kuliko yote, ila kabla hujalivaa mtaa mzima ungekuwa unajua umepewa na nani.

"Haya, leo mnazungumza nini?" aliuliza kila mara kabla hajavua viatu.

Miezi hiyo jibu lilikuwa moja: viza.

Baba yake Karani alikuwa ng'ambo mwaka wa tatu sasa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, mkataba ukaongezwa, na mama akasema basi, imetosha, mtu na mumewe hawawezi kuishi ndani ya simu. Karani akapewa kazi ya kutafuta njia. Jioni mbili alikaa na simu ya mama akasoma maelezo ya ubalozi mstari kwa mstari, akaandika nyuma ya daftari la hisabati.

"Tusomee, Karani," alisema Shangazi, akijitengea nafasi kitandani kati ya vitambaa. "Na usome polepole, mimi si mwalimu."

"Ziko njia tatu," Karani alisoma. "Ya kwanza, viza ya matembezi. Ni miezi mitatu, na ukikutwa unafanya kazi unarudishwa."

"Hiyo ya watu wa kwenda kupiga picha. Ruka."

"Ya pili, viza ya kazi. Kuna kiwanda cha magodoro kinachukua mafundi cherehani. Hiyo inatoka haraka. Lakini..."

"Lakini mtoto haendi," mama alimalizia, macho yake yakiwa kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Ya tatu ni viza ya mwenza. Baba anaomba kule, sisi tunapeleka vielelezo huku. Wanakwenda mke na watoto, na mke akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Ila wanataka nyumba inayotosha watu watatu, na uthibitisho kwamba ndoa ni ya kweli."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Ndoa ya kweli inapimwaje, wifi? Watakuwekea kipimajoto?"

"Wanataka cheti cha ndoa, picha, na maongezi ya simu ya mke na mume kwa miaka miwili, yamechapishwa kwenye karatasi," alisema Karani.

"Yote? Hata yale ya 'mbona hupokei, uko na nani'?"

"Yote," mama alisema. "Kama wanataka kuiona ndoa, basi waione ilivyo."

Wakachagua njia ya tatu. Baba akatuma mkataba wa nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa ameipata mwaka uliotangulia. Siku ya Jumamosi mama akampa Karani simu, akamshika bega. "Nenda kwa Kopi. Achape kila kitu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Usiongeze, usipunguze. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kopi alikuwa na kibanda cha kuchapa karatasi karibu na ukuta wa shule. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja alisimama nje na mashine zikakaa ndani. Alichapa mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, kadi za harusi na matangazo ya misiba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na desturi yake moja ambayo watu waliipenda: karatasi za mtu hakuzisoma. Zilipotoka kwenye mashine alizilaza kifudifudi.

"Shikamoo," alisema Karani.

"Marahaba, Karani. Umeleta nini leo?"

"Maongezi ya baba na mama. Ni ya ubalozi. Ni mengi sana."

Mashine ilinguruma muda mrefu mpaka ikapata joto, ikapumzishwa, ikaendelea. Mwishowe Kopi alipanga bunda zima, akaligonga mezani mara mbili lilingane, akajaribu kulitia kwenye bahasha. Halikuingia. Akatafuta mfuko. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili Karani aone, akalifuta faili mbele ya macho yake.

"Barua za mke na mume hazilali kwenye mashine yangu," alisema. "Hata wakija polisi, sina. Umeona?"

"Nimeona."

Njiani kulikuwa na ukuta mfupi penye kivuli, na mfuko ulikuwa mzito. Karani akakaa. Hakukusudia kusoma. Alitaka tu kuona mwandiko wa simu ukiwa kwenye karatasi unakuwaje. Akafungua katikati, na jina alilokuwa akiitwa nyumbani likamtazama. Mama alikuwa ameandika: "Na Karani je?"

Baba alikuwa amejibu: "Njoo wewe na viza ya kazi. Mtoto abaki kwa dada."

Mama: "Mtoto si sanduku la kuachwa kwa watu."

Baba: "Nimesema abaki. Usinilazimishe."

Karani akafunga. Akafungua tena kuhakikisha. Yalikuwa pale pale. Alihisi masikio yamepata moto kama aliyezabwa kibao mbele ya darasa. Huyu ndiye baba aliyemwita "mheshimiwa" kila Jumapili kwenye simu, aliyemuuliza alama zake za hisabati moja baada ya nyingine. Kumbe alitaka abaki.

Baada ya uchungu ikaja hofu. Watu wa ubalozi wangeyasoma haya. Wangesema, mtoto mwenyewe hatakiwi na baba yake, wa nini? Wangempa mama viza peke yake. Au wangesema wanaogombana hivi hawana ndoa, wasipewe wote.

Ugomvi ulianza ukurasa ule, ukaendelea bunda zima la katikati. Karani hakuusoma. Alipekua haraka mpaka alipoona baba ameandika, "Habari za asubuhi, mke wangu." Akazitoa zote tangu ukurasa ule mpaka hapo. Zilikuwa kurasa arobaini na moja. Akazikunja, akazitia kwenye begi lake chini ya daftari, na usiku akazihamishia ndani ya foronya ya mto wake. Mama alipouliza, "Zote zipo?" Karani alijibu, "Zote, mama," na mama hakuwa na sababu ya kukagua. Kazi ya Karani haikukaguliwa.

Siku ya mahojiano walivaa nguo za kutokea. Simu ziliachwa getini kwa mlinzi, wakapewa kipande cha plastiki chenye namba. Ndani watu walikaa kimya kama waliokuja kuchomwa sindano. Waliitwa dirisha namba tatu. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akifungua karatasi zao kwa ncha ya kalamu.

"Mume wako unampenda?" aliuliza.

"Mengine nikikuambia hapa watu watacheka," mama alisema. "Lakini ndiyo."

Yule mama alitabasamu kidogo. "Mmewahi kugombana?"

"Sana. Mwaka jana tuligombana mwezi mzima na nusu."

"Kuhusu nini?"

Mama alimtupia Karani jicho. "Kuhusu huyu."

"Nionyeshe."

Yule mama wa miwani alisukuma bunda kupitia uwazi wa chini ya kioo. Mama akapekua mbele, akarudi nyuma, akapekua tena. Vidole vyake, vilivyozoea kutafuta uzi mmoja kati ya mia, havikupata kitu. "Yalikuwa hapa," alisema. "Yapo kwenye simu. Naomba niende getini niichukue."

"Simu haiingii humu, mama. Mimi nafanya kazi na karatasi. Nina miaka miwili ya habari za asubuhi na umeshindaje. Halafu wiki sita sina hata neno moja. Na katika wiki hizo hizo sita mume wako amehama nyumba ghafla, kutoka anwani moja kwenda nyingine. Alihamia na nani?"

"Peke yake! Alikuwa anatutafutia sisi nafasi."

"Labda. Lakini huo ndio ukurasa ambao haupo."

Karani alisimama kando ya mama yake, kichwa chake kikifika usawa wa ile kaunta. Alijua zilipo. Angesema neno moja tu, lingesikika mpaka upande wa pili wa kioo. Aliwaza: nikisema sasa, mama ataaibika mbele ya watu wote hawa. Nitasema nyumbani. Yule mama wa dirishani akapiga muhuri, akamwita mwingine.

Nyumbani hakusema.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Maombi yamekataliwa. Vielelezo vya mawasiliano havikukamilika. Mwombaji anaweza kuomba upya akiwa na vielelezo kamili. Mama aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akafungua simu yake, akatembeza kidole mpaka mwezi ule, na ugomvi wote ukawa pale, neno kwa neno.

"Kopi," alisema.

"Kopi nini?" aliuliza Shangazi.

"Kopi ameacha kuchapa kurasa zangu. Au amezipoteza. Mambo yameharibika kwa sababu ya mtu mmoja mvivu!"

Akatoka bila kujifunga kitambaa kichwani. Shangazi nyuma, Karani nyuma ya Shangazi. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka shule, kibandani palijaa watoto na walimu wawili wakisubiri mitihani.

"Wewe!" mama alisema akiwa bado mbali. "Kurasa zangu ziko wapi?"

Kopi aliinua uso. "Kurasa zipi, Mama Karani?"

"Wiki sita! Wiki sita nzima hazimo! Nimenyimwa viza kwa ajili yako! Mume wangu amekaa kule ananingoja, wewe unachapa unavyotaka?"

"Dada, nilichapa zote. Bunda lilikuwa kubwa mpaka bahasha ikakataa. Nilitafuta mfuko."

"Onyesha kwenye kompyuta basi."

"Nilifuta. Nafuta za kila mtu."

"Ahaa!" Shangazi aligonga viganja. "Amefuta! Mnasikia? Kila kitu kinabaki kwenye kompyuta, cha kwetu kimefutwa!"

Kopi alimtazama Karani, aliyekuwa amejibana nyuma ya khanga ya shangazi yake. "Nilimkabidhi mwanao zikiwa kamili," alisema polepole. "Mimi sina zaidi. Muulize yeye."

Mama akageuka. Watoto wote wakageuka, walimu nao. "Karani, alikupa zote?"

Watu huwaza kwamba uongo mkubwa unahitaji maneno mengi. Karani alihitaji manne tu.

"Alinipa hivyo hivyo, mama."

Kopi aliendelea kumtazama kwa muda kidogo. Halafu akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha mashine, palipokuwa safi tayari.

Basi habari ikatembea. Jioni hiyo Shangazi aliisimulia kwa msusi aliyekuwa na mteja mikononi na wengine wawili wakingoja. Kesho yake ilikuwa kwa kinyozi. Ilipofika bombani ilikuwa imenenepa: Kopi anasoma barua za watu. Anachagua zenye siri. Anazisoma na wenzake wanacheka. Kufikia Ijumaa kulikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyeona karatasi ya mtu imefungiwa karanga. Wenye kadi za harusi wakaenda kwingine. Wenye barua za kuomba kazi wakaenda kwingine. Mwalimu mkuu akasema hana ugomvi na mtu, ila mitihani ni siri, akahamishia uchapaji mtaa mwingine.

Kule ng'ambo nako mambo hayakusubiri. Mwenye nyumba ya baba alikuwa ameweka sharti: watu watatu kabla ya mwisho wa msimu, au vyumba viwili apewe mwenye familia yake tayari. Msimu ukaisha. Baba akafungasha, akaiacha nyumba. Aliwaambia kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na Jumapili hiyo hakumwita Karani mheshimiwa. Alisahau tu, lakini Karani hakujua hivyo.

Kila asubuhi Karani alipita mbele ya kibanda. Hakukuwa na njia nyingine ya kwenda shule. Mashine zilifunikwa kitambaa. Kopi alikaa nje juu ya kreti, akicheza drafti mwenyewe, upande mweupe na upande mweusi.

"Shikamoo," Karani alisema, kwa sababu kumpita mtu mzima bila kumwamkia haiwezekani.

"Marahaba, Karani."

Hakuongeza kitu. Afadhali angemgombeza. Afadhali angegeuza uso. Lakini marahaba ile ilikuwa ile ile ya siku zote, na Karani aliibeba mpaka darasani, ikakaa naye kwenye dawati.

Siku moja, mama akiwa amekwenda kununua vifungo, Karani alitoa kurasa kwenye foronya. Alitaka kuzichana zimalizike. Badala yake akasoma. Safari hii hakuishia pale palipomuuma. Alisoma siku za matusi madogo, siku za kununiana, mpaka akafika mahali ambapo baba aliandika kwa kirefu:

"Unataka nikuambie? Kitanda changu si changu. Tunalala wawili kwa zamu. Mwenzangu anatoka kazini, mimi naingia kazini. Nikirudi nakuta shuka bado lina joto la mwili wake. Chumbani tuko sita. Sina hata ukuta wa kuegemeza mgongo. Nimlaze wapi mwanangu? Juu ya meza? Nilisema abaki kwa sababu naona aibu, si kwa sababu simtaki. Yeye ndiye ninayemhesabia siku."

Mama alijibu: "Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingegombana. Tafuta chumba. Sisi tutangoja. Sote wawili."

Na baada ya hapo, ukurasa baada ya ukurasa, baba anatafuta nyumba: hii ghali, ile haitaki watoto, hii ina unyevu, ile ameikosa kwa saa moja. Hizo ndizo wiki sita. Jibu la swali la dirisha namba tatu, lote, kwa mwandiko wa simu, lilikuwa limelala chini ya shavu lake kila usiku.

Alikuwa bado ameshika karatasi chumba kilipojaa. Mama alirudi na vifungo, Shangazi akaja na msusi, na jirani wa chumba cha mwisho akaleta suruali ya kutiwa kiraka. Chai ikamiminwa. Shangazi hakuchelewa.

"Mmesikia? Kopi anauza mashine. Wacha auze! Labda sasa ataacha kusoma ndoa za watu. Mimi nasema, mtu asiye na mke anasoma mapenzi ya wenzake kama gazeti!"

Watu wakacheka. Hata mama akacheka kidogo, kicheko cha uchovu.

"Hakusoma," alisema Karani.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ikazama kwenye kelele. Akasimama. "Shangazi, hakusoma. Hakupoteza. Alinipa zote. Mimi ndiye niliyezitoa." Akaziweka juu ya cherehani, zimekunjamana, bado zina umbo la mto.

Mguu wa mama ukaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likasimama. Msusi alishusha kikombe.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Baba alisema nibaki. Nilidhani wakiona hawatanipa viza. Sikusoma mpaka mwisho."

Mama alichukua kurasa akazinyoosha kwa kiganja, moja moja, kama kitambaa kabla ya kukatwa. Karani alingoja kibao. Hakikuja, na kutokuja kwake kulikuwa kuzito zaidi.

"Pale dirishani ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na pale kwa Kopi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimemtukana mwanamume wa watu mbele ya watoto wa shule," mama alisema, akiwaambia wote bila kumwambia mtu yeyote. "Sikumsikiliza hata sentensi mbili. Nilimwamini mwanangu." Akafunika cherehani. "Inukeni. Wifi, na wewe inuka."

"Twende wapi?"

"Kila ulikosimulia."

Shangazi alishtuka. "Wifi, ni mtaa mzima! Tutaonekana wehu!"

"Tutaonekana tulivyo."

Wakazunguka. Kwenye kila mlango mama alibisha, na ni Karani aliyepaswa kusema, sentensi ile ile: "Kopi hakupoteza karatasi zetu. Nilizitoa mimi, nikamsingizia." Kwa msusi hakukuwa na haja. Kwa kinyozi watu wawili walikuwa na povu usoni, wakageuza shingo kumtazama. Mmoja alisema, "Aa, mimi sikuamini tangu mwanzo," na Shangazi akakohoa, maana huyo ndiye aliyesema habari ya karanga. Mwanamke mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini mimi nilisikia na mambo mengine," akafunga mlango. Kufikia nyumba ya kumi sauti ya Karani ilikuwa imekauka. Mama hakumsaidia. Mwalimu mkuu alivua miwani, akasema angefikiria, ila mkataba na mchapaji mpya ulikuwa umekwisha kusainiwa.

Walipofika kibandani walikuta viatu. Vimepangwa jozi kwa jozi, na kijana anavipiga rangi.

"Kopi? Alirudisha ufunguo juzi," alisema. "Mashine alishauza. Nasikia yuko lile duka kubwa la vifaa vya ofisi, nyuma ya soko."

Walimkuta amevaa aproni yenye jina la duka la mtu mwingine. Alikuwa akikata karatasi. Mama aliongea kwa muda mrefu, akalia, akafuta machozi, akaongea tena. Shangazi naye akaongea. Karani akasema sentensi yake, kwa mara ya mwisho, na hapa ndipo ilipokuwa nzito kuliko kote.

Kopi alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya karatasi. Wote walingoja aseme yaishe. Ndivyo watu wanavyosema, yaishe, hata kama hayajaisha.

"Nimesikia," alisema. Kisha, "Mnaomba upya?"

"Tunaomba," mama alisema. "Lakini hatuwezi kukuomba wewe..."

"Lete simu."

Safari hii alitia namba chini ya kila ukurasa. Akampa Karani kalamu, akamwambia aandike jina lake halisi kando ya kila namba, ugomvi na mapenzi, zote, amesimama pale pale kaunta. Mkono ulimuuma mpaka jioni. Kazi ilipokwisha Kopi alitaka kulifuta faili, halafu akakumbuka kwamba kompyuta ile si yake. Ikabidi amwombe mwenye duka ruhusa.

Baba alichukua muda kupata nyumba nyingine. Aliyoipata ilikuwa chumba kimoja na jiko, mbali na karakana, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Msimu wa mvua ukaja ukaondoka. Darasa la Karani likafanya mitihani ya mwaka. Kwenye dirisha namba tatu alikuwa yule yule mama mwenye kamba shingoni, akasoma kurasa arobaini na moja huku wao wamesimama, na alipofika pale pa kitanda cha zamu alivua miwani akaifuta. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima uliopita," alisema. Viza mbili zilitoka baada ya wiki tatu.

Chumba cha mbele kilijaa watu mpaka mlangoni. Shangazi aliimba, akalia, akagawa vikombe vya mama. Karani aliponyoka. Alikwenda peke yake nyuma ya soko, akamkuta Kopi kwenye kaunta ile ile.

"Shikamoo. Zimetoka."

"Marahaba. Nimefurahi kwa ajili ya mama yako," alisema, na ilionekana ni kweli.

Karani alikuwa ameandaa maneno. Badala yake akauliza: "Utafungua tena kibanda chako?"

"Kwa mashine zipi?" Kopi alirundika karatasi, akazigonga mezani mara mbili zilingane. "Ngoja nikuambie, kwa sababu unakwenda mbali na huko hakuna atakayekuambia. Mama yako hakuniumiza. Alikuwa hajui. Shangazi yako ndivyo alivyo, akipata neno halali nalo. Lakini wewe ulijua, na kila asubuhi uliniamkia. Nilikuwa nasema moyoni, leo atasimama. Leo atasema. Ulikuwa unapita."

Karani aliinamisha kichwa.

"Kukosea umekosea kwa kuogopa, na kila mtu anaogopa. Ila ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajaulizwa. Siku ile ya kwanza kosa lilikuwa lako na la mama yako, mngelimaliza kwa kilio cha jioni moja. Ulivyokaa nalo, baba yako akalichukua, na mimi nikalichukua. Wewe umesamehewa, lakini mimi bado ninalo hapa, nimelivaa." Aligusa aproni.

"Kopi!" mwenye duka aliita kutoka ndani. "Kuna mteja, unapiga soga?"

"Naja, bosi."

Akageukia mashine. Karani alibaki kaunta muda kidogo, labda angegeuka tena, lakini mteja alikuwa na haraka, na karatasi zilikwisha kuanza kutoka, naye Kopi akizipokea moja moja na kuzilaza kifudifudi.